Fedha za Kampuni na Mkono wa Fundi

Wanafunzi wa hapa Mlimba huniuliza mara kwa mara, "Mwalimu, ni kampuni gani itakayotusaidia?" Swali hili ni jema. Kabla ya kulijibu, yafaa tujifunze kwa mifano miwili ya bonde letu la Kilombero.

Mfano wa kwanza ni Ifakara. Katika miaka ya 1950, Profesa Rudolf Geigy wa mji wa Basel, Uswisi, alianzisha hapo maabara ya kuchunguza magonjwa ya nchi za joto. Mwaka 1961, mwaka ule ule Tanganyika ilipopata uhuru, kilifunguliwa kituo cha kuwafunza vijana kazi ya uganga msaidizi wa vijijini. Makampuni ya dawa ya Basel yalichangia gharama. Lakini fedha peke yake haimfundishi mtu kutazama damu kwa hadubini; hufundishwa na aliye kando yake, anayemsahihisha kila siku. Maabara ile ndiyo mwanzo wa Taasisi ya Afya Ifakara, ambako leo wachunguzi Watanzania huwalea wachunguzi vijana.

Mfano wa pili ni Mngeta, jirani zetu. Kampuni ya Kilombero Plantations ililima mpunga huko, tena iliwafundisha wakulima wadogo kilimo shadidi, yaani kupanda kwa mistari yenye nafasi na kupalilia mapema. Mwaka 2019 kampuni hiyo ilifikia mwisho. Mitambo haikuwa ya wakulima, ila ujuzi waliojifunza ulibaki mikononi mwao.

Basi, kampuni ikija shuleni, wazazi na walimu wasiombe mabati na madaftari tu, ingawa navyo vyahitajika. Waulize mambo matatu:

1. Ni nani atakayekaa na wanafunzi, na kwa siku ngapi kila muhula?
2. Je, wasichana watapata nafasi sawa na wavulana?
3. Kampuni ikiondoka, ni nani wa hapa atakayeendeleza kazi?

Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni kweli, lakini mwenyeji hana budi kumwonyesha mgeni panapouma.

Zoezi: Nenda kwa fundi au mtaalamu mmoja wa karibu, awe wa stesheni ya reli, wa zahanati au wa mashine ya kukoboa mpunga. Mwamkie kwa adabu, umwulize alijifunza kazi kwa nani na kwa muda gani. Andika majibu yake katika ukurasa mmoja, uniletee.