Mtoto wa Shule na Msamaha wa Chanjo: Kijitabu cha Familia za Maine

Mzazi, ukienda kumwandikisha mtoto shule Portland, Lewiston au mji mwingine wowote wa jimbo la Maine, Marekani, utaulizwa kadi ya chanjo. Familia nyingi za Kiswahili kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Kenya na Tanzania zina kadi pungufu, au kadi ilipotea safarini. Hapo ndugu aliyewahi kukaa jimbo jingine hushauri, "Omba tu msamaha, usisumbuke." Tafadhali usimfuate. Msamaha haukuwekwa kwa ajili ya kadi iliyopotea.

Sheria inasemaje

Zamani mzazi wa Maine aliweza kusaini kwamba dini au msimamo wake haumruhusu kuchanja. Mwaka 2019 bunge la jimbo liliufuta msamaha huo. Waliopinga wakalipeleka suala kwenye kura ya wananchi Machi 2020, na wapiga kura wengi wakaiunga mkono sheria. Ilianza kutumika tarehe 1 Septemba 2021. California na New York nazo zimeufuta msamaha wa imani, lakini Texas bado inakubali sababu za dhamiri, ndiyo maana unasikia habari zinazopingana.

Uliobaki Maine ni msamaha wa kitabibu, ukiacha wanafunzi wachache wa elimu maalumu waliokuwa na msamaha wa zamani. Barua yake huandikwa na mtaalamu wa tiba mwenye leseni. Barua ya mchungaji au imamu haitakusaidia hapa, hata kama anakujua vizuri.

Kadi imejaa, mbona wanadai tena?

Swali hili huwaudhi wazazi wengi, na wana haki ya kupewa jibu kamili. Tanzania na Kenya, mtoto huchomwa chanjo ya surua na rubela akiwa na miezi 9, kisha miezi 18. Shule za Marekani huhesabu dozi ya surua iliyotolewa kuanzia mtoto alipotimiza mwaka mmoja. Kwa hiyo ile ya miezi 9 haihesabiwi. Nesi wa nyumbani hakukosea: surua ikiwa karibu, mtoto mchanga hawezi kungoja mwaka uishe. Dozi ya miezi 18 inahesabiwa kwa surua na rubela, ila haina kinga ya matumbwitumbwi, na huku magonjwa hayo matatu huchanjwa kwa sindano moja. Mtoto atachomwa tena, na dozi ya ziada haitamdhuru.

Chanjo ya tetekuwanga nayo haimo katika ratiba za kawaida za kwetu. Kama mtoto alishaugua, mwambie daktari, kwani kipimo cha damu kinaweza kuonyesha kinga aliyonayo.

Mliokuja kama wakimbizi, tazameni kwanza ndani ya mfuko wa IOM (Shirika la Kimataifa la Uhamiaji) mliopewa safarini. Chanjo za kambini mara nyingi zimeandikwa kwenye karatasi zilizomo.

Nani anastahili msamaha

Mtoto anayetibiwa saratani, aliyepandikizwa kiungo au mwenye kinga dhaifu sana hapewi chanjo ya surua wala ya tetekuwanga, kwa sababu zina virusi hai vilivyodhoofishwa. Mwingine ni yule ambaye dozi iliyopita ilimletea mzio mkali, koo likavimba na pumzi zikabana. Barua inaweza kuwa ya muda tu, matibabu yakiisha anachanjwa. Mafua, homa ndogo, pumu au mzio wa mayai si sababu ya kukosa chanjo ya surua. Hofu ya usonji nayo haina msingi: utafiti wa Denmark uliotolewa mwaka 2019, uliofuatilia watoto zaidi ya 650,000, haukuona uhusiano wowote.

Mtoto yule mwenye saratani analindwa na wenzake darasani. Virusi vya surua hubaki hewani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kutoka chumbani, na kati ya watu 10 wasio na kinga waliokaa karibu naye, hata 9 huambukizwa. Ili surua isipate njia, wanafunzi wapatao 95 katika kila 100 wanahitaji kuwa na kinga. Mwaka 2025, Texas ilizika watoto wawili wa umri wa shule waliokufa kwa surua. Wote wawili hawakuwa wamechanjwa. Tunaomba kila mzazi awafikirie hao anapopewa ushauri wa njia ya mkato.

Hata msamaha halali una gharama yake. Surua ikiingia shuleni, mtoto asiye na kinga huambiwa abaki nyumbani, kwa kawaida siku 21 tangu alipokutana nayo mara ya mwisho.

Kadi haipo: fanya hivi

Usikae na mtoto nyumbani. Sheria ya Maine inakuruhusu kuandika ahadi kwamba atachanjwa ndani ya siku 90, naye akaanza masomo. Familia isiyo na makazi ya kudumu inalindwa na sheria ya nchi nzima: shule lazima impokee mtoto mara moja, karatasi zifuate baadaye. Chanjo zenyewe ni bure kwa mtoto asiye na bima, hadi umri wa miaka 18.

Hospitalini na shuleni omba mkalimani wa Kiswahili, hulipi chochote. Usimtume mtoto mkubwa akutafsirie habari za mzio au ugonjwa wa mdogo wake. Neno moja likipotea, daktari anaweza kumchoma asiyepaswa kuchomwa, au kumwacha anayehitaji.