SOMO: KIWANJA CHA NDEGE, SOMA MWENYEWE



Siku hizi hata sisi watu wa Izimbya tunapanda ndege. Binti amejifungua Dar es Salaam, anamtaka mama yake upesi. Mgonjwa anapelekwa Hospitali ya Bugando, Mwanza. Msiba umetokea mbali. Basi la Dar es Salaam huchukua siku nzima na zaidi. Ndege huchukua masaa tu.

Kiwanja chetu cha ndege kiko Bukoba mjini, kando ya Ziwa Victoria. Ni kiwanja kidogo. Lakini mambo yanayofanyika pale ni yale yale ya viwanja vikubwa. Katika somo hili tutajifunza mambo manne ya kusoma: tiketi, mizani, pasi na kadi ya usalama. Mambo matatu ya kwanza yatakuokolea fedha. La nne linaweza kukuokolea maisha.

1. SOMA TIKETI

Tazama kwanza jina. Jina la tiketi lazima lilingane na jina la kitambulisho chako. Kama kitambulisho kinasema Kokushubila na tiketi inasema Koku, utapata taabu. Rekebisha siku ile ile unaponunua.

Halafu tazama herufi tatu tatu. BKB ni Bukoba. MWZ ni Mwanza. DAR ni Dar es Salaam. Tiketi ikionyesha BKB, MWZ, DAR, maana yake ndege itatua Mwanza kabla ya kufika Dar es Salaam. Usishuke Mwanza kama safari yako ni ya Dar!

Sasa tazama saa. Hapa watu wengi huachwa na ndege. Tiketi haifuati saa yetu ya Kiswahili. Ikiandikwa 08:40, sio saa nane mchana. Ni saa mbili na dakika arobaini asubuhi. Mtu akija saa nane mchana, ndege imeondoka zamani.

Kanuni ni rahisi: toa 6. Tiketi ikisema 09:30, tisa toa sita ni tatu. Basi ni saa tatu na nusu asubuhi. Ikisema 14:15, kumi na nne toa sita ni nane. Ni saa nane na robo mchana. Ikisema 20:00, unapata kumi na nne, na saa yetu inaishia kumi na mbili. Basi toa tena 12. Ni saa mbili usiku.

Fika kiwanjani masaa mawili kabla ya ndege kuondoka. Wakati wa masika barabara zetu zina utelezi, kwa hiyo toka nyumbani mapema zaidi.

2. SOMA MIZANI

Mkulima wa kahawa anajua umuhimu wa kusoma mizani mwenyewe. Ukifika chama cha msingi hukubali kuambiwa tu kilo zako. Unatazama mshale kwa macho yako. Fanya hivyo hivyo kiwanjani.

Tuseme mama mmoja amefika dirishani na begi lake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, begi lako lina kilo 31. Tiketi yako inaruhusu 23."

"Naona mwanangu, mizani inasema 31. Kilo nane zimezidi. Ngoja nipunguze ndizi nimwachie kijana aliyenisindikiza."

Mama huyu ameshinda kwa kusoma. Uzito unaoruhusiwa huandikwa kwenye tiketi. Ukizidi utalipa, na ndizi zitakuwa ghali kuliko za sokoni Kariakoo. Pima begi nyumbani kabla ya kutoka.

3. UKAGUZI NA PASI

Ukishapima mzigo utapewa karatasi ndogo, yaani pasi ya kupandia ndege. Ina jina lako na kiti chako. Ikiandikwa 7A, namba 7 ni safu na herufi A ni kiti. Utapewa pia kipande cha namba ya begi lako. Kitunze. Begi likipotea, kipande hicho ndicho shahidi wako.

Halafu utakaguliwa. Mkoba hupita kwenye mashine inayoona vitu vya ndani. Wewe nawe hupita katika mlango maalumu. Unaweza kuombwa uvue mkanda na viatu. Sio dharau. Kila msafiri hukaguliwa, tajiri na maskini.

Usiweke kisu, mkasi wala wembe katika mkoba wa mkononi. Usibebe kabisa mafuta ya taa, petroli wala baruti. Rubisi nayo iache nyumbani. Pombe inayochacha hujaza hewa katika chupa, na ndege ikiwa juu msukumo wa hewa hupungua. Chupa inaweza kupasuka na kulowanisha nguo za watu. Senene wakavu wafunge vizuri katika kopo. Usiwatie katika mfuko wa plastiki wa kubebea, kwa maana mifuko hiyo ilipigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019.

Na jambo moja kubwa: usikubali kubeba mzigo wa mtu usiyemjua, hata akikuita mama au baba, hata akisema ni dawa ya mgonjwa. Kikikutwa kitu kibaya ndani, mwenye kosa ni aliyekibeba.

Ofisa wa afya pia anaweza kukupima joto, hasa wakati wa maradhi ya kuambukiza. Sisi wa Kagera tunajua sababu. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa katika mkoa wetu. Ukiulizwa habari za afya yako, sema kweli.

4. SOMA KADI YA USALAMA

Sasa umekaa kwenye kiti. Mbele yako kuna mfuko, na ndani yake kuna kadi yenye picha na maneno. Wengi hawaitazami. Wewe itoe uisome. Mhudumu akisimama kuonyesha mkanda na jaketi la kuokolea, acha mazungumzo, mtazame.

Kwa nini? Tarehe 6 Novemba 2022, asubuhi, ndege ya Precision Air kutoka Dar es Salaam ilikuwa inakuja kutua Bukoba. Hali ya hewa ilikuwa mbaya. Ndege ilianguka ziwani karibu na kiwanja. Ndani walikuwamo watu 43: abiria 39 na wafanyakazi 4. Watu 19 walikufa, pamoja na marubani wote wawili. Watu 24 waliokoka. Wavuvi ndio waliowahi kufika na mitumbwi yao. Mmoja wao ni kijana Majaliwa Jackson, ambaye taifa zima lilimsifu.

Tunawaombea marehemu. Nasi tulio hai tujifunze. Kiwanja chetu kiko ufukweni, kwa hiyo anayeruka Bukoba anaruka juu ya maji. Shika mambo haya matatu:

(a) Jaketi la kuokolea liko chini ya kiti chako. Papasa kwa mkono ujue lilipo.

(b) Hesabu safu za viti kutoka kwako mpaka mlango wa karibu, mbele na nyuma. Kukiwa na giza au moshi, mkono wako utahesabu badala ya macho.

(c) Ukiambiwa vaa jaketi, livae, lakini USILIJAZE HEWA ukiwa ndani ya ndege. Lijaze ukiwa mlangoni, unapotoka.

Hili la tatu lina sababu. Maji yakiingia ndani, jaketi lenye hewa hukuinua mpaka darini. Mlango uko chini, nawe huwezi kuzama kuufikia. Tarehe 23 Novemba 1996 ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara iliishiwa mafuta, ikaanguka baharini karibu na Ngazija, Komoro. Kati ya watu 175 walikufa 125. Baadhi yao hawakuuawa na kishindo. Walikuwa wamejaza majaketi mapema, wakanaswa ndani.

Ndege hazianguki kila siku, na mtu asiogope safari kwa sababu hii. Lakini kusoma kadi ni kazi ya dakika mbili tu.

UKIENDA NJE YA NCHI

Safari ya Bukoba mpaka Mwanza au Dar es Salaam ni ya ndani. Kitambulisho kinatosha. Ukitoka kwenda nchi nyingine utahitaji pasipoti au hati ya safari ya Uhamiaji, nawe ufike kiwanjani masaa matatu mapema. Uganda hutaka pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanja mapema, maana cheti huanza kufanya kazi baada ya siku 10. Tangu tarehe 11 Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha yote, hata kama kimeandikwa miaka kumi.

Mwisho, usione haya kuuliza. Lakini kabla ya kuuliza, soma. Mwenzako anaweza kukusomea tiketi nyumbani. Kadi ya usalama utaisoma mwenyewe, kwenye kiti chako.

MASWALI

1. Tiketi inasema 16:20. Ni saa ngapi kwa saa yetu?
2. Tuseme kila kilo iliyozidi inalipiwa shilingi 5,000. Tiketi inaruhusu kilo 23 na begi lina kilo 31. Utalipa shilingi ngapi?
3. Kwa nini jaketi la kuokolea halijazwi hewa ndani ya ndege? Mweleze jirani yako ambaye hakusoma somo hili.

Majibu: (1) Saa kumi na dakika ishirini jioni. (2) Shilingi 40,000. (3) Rudia sehemu ya 4.