Kuifunga Tena Injini ya Pikipiki Kuukuu

Wengi wetu tunakula kwa pikipiki. Kuna nyumba hapa ambazo karo na unga vinatoka kwa magurudumu mawili. Injini ikifunguliwa kwa sababu inakula oili na kutoa moshi, kila siku inayolala chini ni hasara mara mbili: mapato hayaji, na mkopo hausimami. Hapo ndipo haraka inapoingia.

Nachukua mfano wa Honda CG125, ya miaka ya 1970, kwa sababu pikipiki nyingi za Kichina tunazoendesha zilifuata mpango wa injini yake. Valvu zake zinasukumwa na vijiti viwili virefu, haina cheni ya ndani ya kupangilia. Mwenye subira anaweza kuifunga nyumbani. Lakini kuchonga silinda mwachie mwenye mashine. Msasa hauchongi silinda.

Kabla hujashika spana, panga stoo yako. Mimi nimesomea biashara, na hii ni stoo kama nyingine: bolti za kifuniko cha klachi kwenye kikopo chao, nati za kichwa cha silinda kwenye chao, na kila kikopo na jina. Bolti hazilingani urefu, na ile ndefu ikilazimishwa kwenye shimo la fupi inapasua kasha. Gasketi nunua mpya, zote. Anayerudisha ya zamani ili aokoe pesa ya chai atarudia kazi yote oili ikianza kuvuja.

Sasa pistoni. Ya Honda ina alama IN juu yake, na upande huo unaangalia kabureta. Ya kiwanda kingine ikiwa na mshale, soma karatasi iliyokuja nayo, usikisie. Ringi ziwe maandishi juu, na nafasi zake zisikae mstari mmoja, la sivyo gesi itapita. Paka oili safi. Unapoweka klipu za pini (mpya, tafadhali), ziba mdomo wa kasha kwa kitambaa, kwa sababu klipu ikidumbukia humo utalia.

Hakikisha kila kijiti kimekaa kwenye kikombe chake. Nati za kichwa kaza kona kwa kona, kidogo kidogo, kwa spana ya kupima nguvu. Huna? Azima kwa fundi. Kisha pima nafasi ya valvu injini ikiwa baridi kabisa, pistoni ikiwa juu na valvu zote mbili zimefungwa. Kwa CG125 ni milimita 0.08 kila moja.

Mwambie jirani: usipige kiki bado! Weka oili mpya, toa plagi, zungusha injini kwa mkono polepole. Ikigota, fungua utafute sababu, usilazimishe. Ikizunguka laini, piga kiki kadhaa bila plagi, ufunguo ukiwa umezimwa, oili ipande juu. Plagi ianze kwa vidole, spana baadaye. Kwenye betri, waya wa hasi uwe wa mwisho.

Watu wakisikia injini imenguruma wanasahau breki. Jamani, abiria wako ni mtoto wa mtu. Klipu ya cheni, upande wake uliofungwa utangulie cheni inakokwenda. Nati ya ekseli ya nyuma ipate pini mpya. Pikipiki ikiwa imesimama na inanguruma, geuza usukani kushoto na kulia. Mlio ukipanda, kebo ya mafuta imebanwa, na hiyo usiitoe barabarani.

Kilomita 500 za kwanza nenda pole, bila mizigo mizito, kisha umwage oili na kupima valvu tena. Siku hizo za mapato madogo ziingize kwenye bajeti tangu mwanzo, pamoja na bei ya oili ya pili, na uzungumze na mwenye mkopo kabla ya kuifungua injini.