Jenga Nyumba Yako kwa Matofali ya Kufungamana: Mwongozo kwa Familia za Ngenge

Ukiwa Ngenge, wilayani Muleba mkoani Kagera, au kata jirani, nyumba imara unaweza kuijenga na familia yako bila kungoja hela za mkandarasi. Siri ni kuandaa seti kamili kwanza, yaani vipande vyote vya nyumba vikae tayari kabla ya siku ya kusimamisha kuta. Wazee wa Kihaya walijenga msonge hivyo: nguzo, fito na nyasi zilikusanywa kwanza, ndipo ndugu na majirani wakaitwa. Huko Marekani, kampuni ya Sears iliuza nyumba za namna hiyo kati ya 1908 na 1940. Mnunuzi alipokea mbao na vifaa vya nyumba, akaunganisha mwenyewe au kwa fundi. Kwetu, kipande kinachofaa kuanzia ni tofali la kufungamana, ambalo mafundi wengi huliita intaloki.

Tofali hili ni nini?

Ni udongo uliochanganywa na simenti kidogo, ukashindiliwa kwa mashine ya mkono. Lina ulimi upande mmoja na mfereji upande mwingine, kwa hiyo matofali hushikana yenyewe na udongo wa kujengea hutumika kidogo sana. Halichomwi, basi hukati miti kwa ajili ya tanuri. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, NHBRA, ni miongoni mwa wanaolieneza nchini na kufundisha vikundi kulitengeneza.

Nianzie wapi?

Anzia kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji. Hakikisha kiwanja ni chako na mipaka inajulikana kwa majirani. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, Halmashauri ya Kijiji inaweza kukupatia hati ya hakimiliki ya kimila. Iombe mapema, maana ugomvi wa mpaka husimamisha ujenzi. Ukijenga ndani ya Manispaa ya Bukoba au eneo la mji lililopangwa, omba kibali cha ujenzi kwa halmashauri kabla ya kuchimba msingi.

Mashine nitaipata wapi?

Usikimbilie kununua peke yako. Uliza ofisi ya Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, mkoani, NHBRA, au mafundi wanaokodisha. Njia nyingine ni kikundi. Halmashauri ya wilaya hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata atawaeleza namna ya kusajili kikundi na kuomba. Mashine moja inaweza kuzunguka nyumba hadi nyumba.

Udongo gani unafaa?

Ondoa udongo mweusi wa juu, kwa sababu una mizizi na mboji. Chukua ule wa chini, ujaze nusu ya chupa inayoonyesha ndani, ongeza maji, tikisa kwa nguvu, kisha iache hadi kesho. Mchanga utakaa chini, mfinyanzi juu. Mchanga ukiwa ndio mwingi na mfinyanzi ukiwa kiasi, udongo unafaa. Mfinyanzi ukizidi, ongeza mchanga, la sivyo tofali litapasuka likikauka.

Matofali mangapi, kwa gharama gani?

Tuchukue nyumba ya mita 6 kwa 8, yenye sebule na vyumba viwili. Tofali la sentimita 30 kwa 15, lenye kimo cha sentimita 10, huingia 33 katika mita moja ya mraba ya ukuta. Ukitoa milango na madirisha, utahitaji kama 3,400, pamoja na ya akiba. Mfuko mmoja wa simenti wa kilo 50 hutoa matofali 60 hadi 70, kwa hiyo andaa mifuko kama 52. Mfuko ukiuzwa, kwa mfano, shilingi 23,000, hiyo ni takribani shilingi 1,200,000. Msingi, sakafu na lenta vina simenti yake. Mabati ya mita 3 yatakuwa kama 40. Ukiweza, chukua geji 28, ambayo ni nene kuliko geji 30. Ulizia bei Muleba na Bukoba, ukiongeza nauli ya mzigo kwenye hesabu.

Familia igawane kazi vipi?

Fyatueni matofali kati ya Juni na Agosti, mvua zikiwa zimepungua. Wawili wachekeche na kuchanganya, mmoja avute mpini, mwingine apange matofali kivulini. Watoto wasiguse mashine. Changanyeni kidogo kidogo, kwa sababu simenti ikishalowa huanza kushika. Kupima maji, finyanga donge na uliachie lianguke kutoka usawa wa kiuno: likigawanyika vipande vichache, ni sawa, likisambaratika, maji ni machache, likibaki bonge, yamezidi. Funika matofali kwa nailoni, yanyunyizie maji kwa siku 7, kisha yaache yakomae hadi siku 28.

Fundi namhitaji wapi?

Mlipe kwa kazi tatu: msingi na mstari wa kwanza wa matofali, lenta, na paa. Msingi uchimbwe hadi udongo mgumu, ujengwe kwa mawe, uinuke juu ya ardhi na kutandikwa nailoni nzito kuzuia unyevu. Mstari wa kwanza ukipinda, ukuta wote utapinda. Ukinyooka, ndugu zako wataendelea kupanga chini ya uangalizi wake.

Lenta ni mkanda wa zege na nondo unaozunguka kuta zote juu ya madirisha. Usiipunguze wala kuikata. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 liliua watu na kubomoa nyumba nyingi mkoani Kagera. Mkanda huu hushika kuta zote pamoja ardhi inapotikisika. Acha nondo ndogo zichomoze ili kenchi za paa zifungwe kwazo. Mbao ziwe zimewekwa dawa ya mchwa.

Nikipungukiwa fedha?

Simama mahali salama. Matofali yaliyokomaa yanaweza kungoja mwaka mzima yakifunikwa, lakini kuta zisizo na lenta wala paa zisiachwe zinyeshewe na masika. Nyumba ikikamilika, ziba mwanya kati ya ukuta na paa, uweke wavu wa mbu madirishani, kwa sababu malaria bado inasumbua Muleba.

Wiki hii fanya mambo mawili: pima udongo wako kwa chupa, kisha kaa na familia mwandike nani atafanya nini na nani atachangia kiasi gani. Karatasi hiyo ndiyo tofali la kwanza la nyumba yenu.