SINEMA YA KUCHEKESHA: TUNAMCHEKA NANI?

Leo tujifunze kutazama sinema. Msishangae. Aliyejua kusoma gazeti anaweza pia kuisoma picha.

Wengi wetu wa huku Mwanza na Ukerewe tuliiona sinema kwanza kwa lile gari la sinema. Jioni gari limefika, shuka jeupe limetundikwa, basi kijiji kizima kiko uwanjani. Tulipenda zaidi za kuchekesha.

Moja ya vichekesho vya zamani ni Muhogo Mchungu, ya mwaka 1952. (Nasi wa Kanda ya Ziwa tunajua muhogo mchungu hauliwi hivi hivi.) Ni sinema ya Kiswahili. Mtu wa shamba anaingia Dar es Salaam, wajanja wa mjini wanamla fedha zake. Mwigizaji mkuu alikuwa Rashidi Kawawa, yule yule aliyekuwa Waziri Mkuu mwaka 1962. Aliigiza vizuri, hatubishi. Lakini picha ilipigwa na kampuni ya Afrika Kusini kwa mapatano na serikali ya kikoloni. Sisi tunaona mkulima aliambiwa hivi: wewe mjinga, mjini si kwako, baki na jembe lako.

Sasa twende Urusi. Huko mkulima hakuchekwa, alipambwa. Mwaka 1950 ilitoka sinema ya Ivan Pyriev juu ya wakulima wa Kuban. Wenyeviti wawili wa vijiji vya ushirika, mwanamume na mwanamke, wanashindana kwa mavuno, kumbe wanapendana! Watu wanaimba, gulio limefurika bidhaa. Inachekesha kweli. Ila mwaka 1946 na 1947 njaa kubwa ilikuwa imeua watu wengi mno nchini humo, na wakulima wa kweli waliishi kwa shida. Mwaka 1956 Nikita Khrushchev, kiongozi wa nchi, alisema kuwa Stalin alivijua vijiji kwa kutazama sinema tu, na humo meza zilielemewa na bata. Fikirini: mtawala anatazama picha, anaamini watu wameshiba!

Mkikutana kikundini, chagueni kichekesho kimoja mlichokiona, hata cha kwenye simu. Zungumzeni: mtu wa kijijini humo anafanya kazi gani? Bei ya pamba yake au dagaa wake inatajwa? Nani alilipia picha hiyo? Na je, mama yako akiitazama, atacheka?