SOMO LA VIKUNDI: DAKTARI NAYE ANA MTOTO

Somo la leo lisomwe kwa sauti mkutanoni, polepole, kisha mzungumze. Tunataka tuelewe kwa nini daktari au sista huonekana hospitalini na mtoto wake mchanga, kuna hatari gani, na sisi wa kijijini tunaweza kufanya nini.

Tuanze na hesabu

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama aliyejifungua likizo ya miezi 3 na mshahara kamili. Baba anapewa wiki 2. Lakini kliniki tunafundishwa kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama pekee, bila uji wala maji, mpaka atimize miezi 6. Toa 3 kwa 6, zinabaki 3. Miezi hiyo mama amerudi kazini, na mtoto bado anamtaka.

Anayetufundisha jambo hili ni daktari na sista. Je, wao wenyewe watalitimiza namna gani?

Uchunguzi wa serikali wa 2008-2009 ulionyesha kwamba katika watoto 100 wa chini ya miezi 6, ni 32 tu walionyonya maziwa ya mama pekee. Mwaka 2014 walifika 61. Mwaka 2022 walikuwa 60. Tulipanda vizuri, halafu tukasimama. Kazi ya mama mbali na nyumbani ni moja ya vikwazo.

Omoreri ameenda shule

Zamani hapa Gusii mama hakuhangaika hivi. Alipokwenda shambani, mtoto alibebwa na omoreri, yaani dada au kaka wa miaka sita hadi kumi hivi. Omoreri alimchezesha mtoto, na akilia sana alimpeleka kwa mama shambani anyonye. Shamba lilikuwa karibu.

Siku hizi omoreri yuko darasani, na ni vizuri. Tangu Januari 2003 shule za msingi za serikali hazitozi karo, na hakuna anayetaka kumtoa mtoto shule alee mwenzake. Lakini pengo lake halikuzibwa. Mwenye mshahara anatafuta yaya. Asiye nao anambeba mtoto mgongoni mpaka kwenye majani chai.

Usiku mmoja wa zamu

Tuchukue mfano. Sista ana mtoto wa miezi 4 na zamu ya usiku. Jioni yaya ameondoka bila kuaga. Mume anafanya kazi Nairobi. Sista ana njia tatu. Akae nyumbani, na mama aliyeletwa na bodaboda akiwa na uchungu akose mtu wa kumzalisha. Amwache mtoto kwa mtu asiyemjua vizuri. Ama amfunge mgongoni aende naye.

Hakuna njia nzuri hapo. Kwa hivyo ukimwona na mtoto kazini, usiseme anacheza na kazi. Huenda amekuja na mtoto ili wewe usikose mtu.

Lakini wodi si mahali pa mtoto mchanga

Hili tuliseme wazi. Chanjo ya kwanza ya surua hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, na ya pili miezi 18. Mtoto wa miezi 4 bado hajachanjwa. Surua husafiri hewani, na inaweza kubaki chumbani hata muda wa saa mbili baada ya mgonjwa kutoka. Kifua kikuu pia husambazwa kwa hewa. Tena kuna sindano, dawa, na mikono mingi inayotaka kumshika mtoto.

Naye mgonjwa ana haki yake. Anayeshonwa kidonda anataka daktari ambaye masikio yake hayako kwa mtoto anayelia chumba cha pili.

Mtoto basi awe karibu na mama, lakini asiwe katikati ya wagonjwa.

Sheria inasema nini

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka waajiri wote waweke mahali pa kunyonyeshea kazini: pa kunawia mikono, friji au kitu kingine cha kupoza maziwa, umeme, meza ndogo na viti vizuri. Mama apewe nafasi ya kunyonyesha au kukamua maziwa, mbali na saa ya chakula, na muda huo uhesabiwe kuwa ni kazi. Usizidi saa moja katika kila saa nane za kazi.

Waajiri wote maana yake si hospitali peke yake. Na hospitalini si daktari peke yake. Anayeosha sakafu ya wodi pia ni mama.

Kikundi kifanye nini?

1. Ulizeni. Vituo vya afya vya serikali vina kamati zenye watu kutoka kwa jamii. Mtume mjumbe aulize kwa heshima: wafanyakazi wetu wananyonyeshea wapi? Kama ni kupaka rangi chumba au kununua viti viwili na pazia, harambee ndogo inatosha.

2. Fikirieni nyumba ya kulelea watoto karibu na kituo au soko, nje ya wodi. Iwe na ua, maji, choo safi na walezi wanaojulikana. Mlezi mmoja asipewe watoto wachanga zaidi ya watatu. Mtoto mgonjwa asipokelewe. Angalieni chanjo zake kwenye kitabu cha kliniki, na andikeni ni nani anayeruhusiwa kumchukua. Mwenye mshahara alipe zaidi kidogo, ili mchuma chai na muuza mboga nao waweze kuleta watoto.

3. Jifunzeni kukamua maziwa. Mama anawe mikono kwa sabuni, akamue ndani ya chombo safi chenye kifuniko. Pasipo friji, yawekwe mahali penye baridi na yatumiwe ndani ya muda wa saa nne. Mtoto anyweshwe kwa kikombe, kwa sababu chupa ni ngumu kusafisha.

4. Kina baba, mtoto si wa mama peke yake. Wiki 2 za likizo si za kukaa sokoni.

Neno la kutafakari

Someni 1 Samweli sura ya 1. Hana alikuwa na ahadi kwa Mungu, lakini hakupanda kwenda hekaluni mpaka alipomwachisha mtoto kunyonya. Elkana mume wake alikubali. Ahadi haikuvunjwa, ilingojewa. Kama nyumba ya Mungu ilimngojea mtoto anyonye, sisi nasi tunaweza kungoja dakika chache kwenye benchi la kliniki, isipokuwa kuna wa dharura.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kikundi chetu, ni nani alikosa mkutano kwa sababu ya mtoto?
2. Tangu omoreri aende shule, nani analea watoto wetu mchana?
3. Ni chumba gani karibu na kituo chetu cha afya kinachokaa bure?

Kidole kimoja hakivunji chawa. Anzeni na swali la tatu.