Divai Nyekundu Isiyo na Ukakasi kwa Mlo wa Steki

Usiku ule nilipowakaribisha jamaa zangu kwa steki ya sarara, nilikuwa nimetoa fedha nyingi kununua chupa ya Cabernet Sauvignon ambayo bado ilikuwa changa, nikiamini, kama waaminivyo wengi, kwamba thamani ya divai hufuata bei yake. Shemeji yangu alikunywa funda moja, akaiweka bilauri taratibu, akaniambia kwa adabu, "Shemeji, divai hii inashika ulimi kama ndizi mbichi." Neno lake lilikuwa la haki, na ndilo lililonitia shauku ya kutafuta maarifa haya.

Ukakasi ule asili yake ni tanini, itokayo katika maganda na kokwa za zabibu, na jamii yake ndiyo inayoikausha midomo yetu tunywapo chai ya rangi iliyokaa mno jikoni. Tanini hushikamana na protini za mate, ulimi ukapoteza utelezi wake. Lakini chai hiyo ikitiwa maziwa, tanini hushikamana na protini za maziwa, na ukali ukapungua. Kazi ambayo maziwa huifanyia chai, ndiyo nyama huifanyia divai, kwa protini, mafuta na chumvi yake.

Hapo ndipo nilipolitambua kosa langu: sarara ina mafuta haba, nami niliichoma hata ikakauka, kwa hiyo divai kali haikupata cha kuituliza. Basi kabla hujaenda dukani, jiulize utakula nyama gani, nayo imeiva kiasi gani. Steki yenye mafuta, iliyobaki nyekundu na majimaji ndani, yaweza kuistahimili Cabernet Sauvignon; bali nyama iliyoiva barabara, ambayo aghalabu ndiyo tuipendayo, yataka divai ya upole zaidi.

Katika divai za upole, naitanguliza Merlot, zabibu ya Bordeaux huko Ufaransa, yenye ladha ya plamu. Ya pili ni Malbec, ambayo asili yake ni Cahors, kusini-magharibi mwa Ufaransa, ikapelekwa Argentina mwaka 1853, na leo fahari yake iko Mendoza, chini ya milima ya Andes, katika nchi ambayo watu wake ni walaji mashuhuri wa nyama ya ng'ombe ya kuchoma. Nasi Tanzania tunayo mizabibu ya Dodoma, ivunwayo mara mbili kwa mwaka. Ila isome lebo kwa makini, kwani ulaini si utamu. Divai ya sukari nyingi hufunika ladha ya nyama; chagua ile iitwayo kavu.

Chupa ikishafika nyumbani, liangalie joto lake. Wazungu waliposema divai nyekundu inywewe kwa joto la chumba, walikuwa na vyumba vyao vya baridi akilini, si sebule ya Dar es Salaam; divai hiyo hupendeza ikiwa na nyuzi 16 hadi 18 za Selsiasi. Ikiwa na joto, kileo huchoma pua. Ikiwa baridi mno, ukakasi hurudi. Mimi huitia jokofuni kwa nusu saa, na ikiwa changa, huimimina katika jagi ipate hewa kwa muda kama huo kabla ya mlo.

Mwisho, usihukumu kwa funda la kwanza. Onja divai peke yake, kisha tafuna kipande cha nyama, ukaonje tena: funda la pili likiteleza kuliko la kwanza, umechagua sawasawa. Shemeji alipokuja mara ya pili, nilimwekea Malbec na nyama ambayo sikuikausha. Akaonja, akatafuna, akaonja tena, kisha akaisogeza bilauri yake karibu na jagi.